Wasomaji Wauliza: Wana wa "Bwana Hoffman" wa Titanic

Swali: Mhariri, nimesikia kuna baba aliyewatia wanawe wawili mashuani usiku Titanic ilipozama, yeye akabaki. Kwa nini hakupanda nao? Na mama yao alikuwa wapi? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Huyo ni Michel Navratil, fundi cherehani wa Nice, Ufaransa. Mama hakuwamo melini, wala hakujua kwamba wanawe wako safarini. Marcelle na mumewe walikuwa wametengana. Pasaka ya 1912 watoto walikwenda kwa baba yao, naye akatoroka nao. Michel mdogo alikuwa na miaka 3, Edmond miaka 2. Baba alipanda meli Southampton, daraja la pili, kwa jina la kuazima: Louis Hoffman. Watoto aliwaita Lolo na Momon.

Kuhusu mashua, ilitegemea umesimama upande gani wa meli. Kushoto alisimamia ofisa Charles Lightoller. Yeye amri ya "wanawake na watoto" aliishika kwa maana ya kwamba mwanamume hapandi, hata nafasi ikiwapo. Kulia, William Murdoch aliwaruhusu wanaume pale ambapo wanawake hawakuonekana karibu. Navratil aliwafikisha wanawe kushoto, kwenye mashua D. Hapo mabaharia walikuwa wameshikana mikono kuizunguka, na waliopenyezwa ndani walikuwa wanawake na watoto.

D ilikuwa mojawapo ya mashua nne za kukunja: chini mbao, ubavuni turubai linaloinuliwa kabla ya kushushwa majini. Iliweza kuchukua watu 47. Ilishushwa mnamo saa nane na dakika tano usiku, robo saa tu kabla ya meli kwenda chini, na bado ilikuwa na nafasi. Wanaume wawili waliirukia kutoka sitaha ya chini yake ilipokuwa ikiteremka. Dakika chache kabla, upande wa pili, Bruce Ismay, mkuu wa kampuni yenye meli, alikuwa ameondoka ndani ya mashua C. Kwa hiyo tusiseme kwamba hakuna mwanamume aliyepata nafasi. Wapo waliopata.

Swali: Watoto wadogo kiasi hicho, bila mzazi, walijulikanaje ni wa nani? *Mama wawili, Mombasa*

Jibu: Kwa taabu, na taabu yenyewe ililetwa na jina lile la uongo. Orodha ya abiria ilisema Hoffman, na hakuna Hoffman aliyejitokeza kuwadai. Walijua Kifaransa tu. Magazeti yaliandika kwamba kila walipoulizwa jambo walijibu "oui", yaani ndiyo, hata walipoulizwa majina yao.

Meli ya Carpathia, iliyokuja kuwaokoa waliokuwa mashuani, iliwapandisha watoto wadogo kwa kuwatia maguniani na kuwavuta kwa kamba. Michel alilikumbuka gunia hilo hadi uzeeni, na halikumpendeza. Abiria mmoja aliyeokoka, Margaret Hays, alijua Kifaransa, akawachukua kwake New York. Picha yao ikachapishwa magazetini hadi Ulaya, Marcelle akaiona, akawatambua. Alivuka Atlantiki kwa meli Oceanic, ya kampuni ile ile, akakutana nao tarehe 16 Mei 1912.

Swali: Je, mwili wa baba ulipatikana? *J. M., Bukoba*

Jibu: Ulipatikana. Meli ya Mackay-Bennett, iliyokodiwa kuopoa maiti, iliupa namba 15. Mfukoni kulikuwa na saa ya dhahabu, kiko, na bastola yenye risasi. Kwa kuwa alijulikana kama Hoffman, alidhaniwa ni Myahudi, akazikwa makaburi ya Wayahudi ya Baron de Hirsch, Halifax, nchini Kanada. Alikuwa Mkatoliki. Edmond alifariki 1953. Michel, ambaye alikuja kuwa profesa wa falsafa, alifika kaburini hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1996, akiwa na miaka 88. Alifariki 30 Januari 2001, mwanamume wa mwisho kati ya waliookoka.