Muulize Bi Fundi: Baba Akisafiri na Maifai, Watoto Wabaki na Nini?

*Bi Fundi anatengeneza simu na rauta katika kibanda chake Mtwara mjini. Maswali ya mwezi huu yote yamehusu maifai, ile rauta ndogo ya mfukoni inayotiwa laini.*

SWALI: Bi Fundi, shikamoo. Mimi ni karani wa chama cha msingi Tandahimba, familia yangu ipo Mtwara, Shangani. Nilinunua maifai nikadhani nimemaliza kazi. Msimu wa korosho nikiondoka nayo, watoto wananipigia simu kulalamika kuhusu masomo yao. Nikiiacha, nahangaika mimi. Tena hata ikiwa nyumbani, jioni inajikokota ilhali mistari ya mtandao imejaa. Nimeuziwa mbovu? Ninunue ya pili?

*Karani, Tandahimba*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na mistari. Mistari inakuambia maifai inausikia mnara vizuri kiasi gani. Haikuambii mnara umeelemewa na watu wangapi. Saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani, kila mmoja na tamthilia yake, na nyote mnachota kisima kimoja. Siku moja amka saa kumi na moja alfajiri ujaribu. Ikienda mbio, kifaa chako ni kizima. Watoto wapakue masomo alfajiri hiyo hiyo, au utie laini ya mtandao mwingine ambao mnara wake haujajaa.

Na zipo siku mistari inajaa na hakuna kinachofunguka. Mnakumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika kule Somanga, sisi watu wa kusini tumefungiwa kama kuku bandani. Hatujapumua, Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Watu walipanga foleni kibandani kwangu, kila mtu na maifai yake mkononi, niitengeneze. Nilizirudisha zote bila kuchukua shilingi. Minara ilikuwa mizima, maifai zilikuwa nzima. Njia ya kutokea nchini ndiyo iliyoumia.

Sasa niambie, nyumbani umeiweka wapi? Nabashiri: nyuma ya luninga. Wengi ndipo wanapoiweka, maana ndipo penye soketi. Maifai ina masikio mawili. Moja linasikiliza mnara ulio mbali, jingine linaongea na simu za watoto zilizo hapo karibu. La mnara ndilo dhaifu, kwa hiyo ipeleke dirishani, upande ulipo mnara, hata kama watoto wanasomea chumba cha pili. Waifai itavuka ukuta wa tofali bila shida, hasa ukichagua masafa ya 2.4 badala ya 5. Hayo ya 5 yana kasi lakini ukuta unayachosha. Usiipandishe darini karibu na bati, bati ni mfuniko wa sufuria. Nina mteja Mikindani, nyumba yake ya mawe ya zamani, kuta nene kama za boma. Chumba cha kati alikuwa hapati kitu. Tuliisogeza maifai hatua sita tu hadi dirishani, akamnunulia fundi soda.

Usibahatishe kwa macho. Kwenye kibandiko cha nyuma ya maifai, au chini ya betri, kuna anwani kama 192.168.8.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa. Katika maifai nyingi utaingia ukurasa wenye namba ya nguvu ya mnara, ina alama ya kutoa mbele. Ikisoma -85 una neema, ikisoma -115 unaambulia makombo. Zunguka nyumba nzima na maifai mkononi, mwanao mmoja awe anasoma namba. Ukipata mahali pazuri, piga alama ya penseli ukutani.

La kununua ya pili. Mimi ningekuambia usiinunue mwaka huu. Wewe Tandahimba unafanya nini na intaneti? Unapiga picha stakabadhi za ghala, unatuma ujumbe, unaangalia bei ya mnada. Hiyo ni kazi ya simu yako. Ukitaka laptopu, washa hotspoti robo saa kisha uzime. Itakula chaji, basi beba pawabenki. Maifai waachie watoto. Korosho zikilipa vizuri, nunua rauta ya mezani ya kutia laini, ile isiyo na betri, ikae nyumbani moja kwa moja, na hii ndogo ndiyo uanze kutembea nayo. Kabla hujatembea nayo, nijie nitazame kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Huko kwenye uwanda wa Makonde kila mtandao una vijiji vyake. Maifai isiyo na loki na laini mbili za mitandao tofauti ni mali kuliko maifai ya bei kubwa. Laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole vyako mwenyewe. Kuna watu wanauza maifai na laini yake ndani. Ya kwao hiyo, usiikubali.

SWALI: Bi Fundi, mimi ni mwanachuo, nasafiri Mtwara kwenda Dar kwa basi na laptopu na maifai ya kaka yangu. Nilitia GB 10 asubuhi, tulipofika Kibiti zimekwisha, na sikutazama hata video moja! Pia abiria wenzangu waliniomba paswadi, nikaona aibu kukataa.

*Mwanachuo, Ligula*

JIBU: Wawili walikuibia, na mmoja ni laptopu yako. Ikiona waifai inajua imefika mjini, inaanza kupakua masasisho yake yote kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya waifai ya Windows, uiambie kwamba intaneti hii ni ya kupimwa. Kuna kitufe cha hilo. Ikishajua unalipia kwa kipimo, itajizuia.

Abiria uliwagawia kwa mkono wako. Filamu moja kwa picha kali inaweza kula GB 3 kwa saa, na aliyekaa nyuma yako ana saa za kutosha. Ingia ule ukurasa niliomwelekeza karani hapo juu, weka idadi ya vifaa iwe viwili, ubadili na paswadi. Atakayeomba mwambie, kwa uso mkunjufu, maifai ya kaka haikubali zaidi. Hujasema uongo.

Mengine ya basi: usiiweke kwenye begi la chini kwenye buti, kaa nayo dirishani. Mkiondoka alfajiri kuelekea Dar jua linakupigeni kulia, basi tafuta kiti cha kushoto. Maifai inachemka haraka, na ikichemka inapunguza kasi yenyewe au inazima. Mkisimama kununua ming'oko, chomoa chaji ipoe.

SWALI: Nafanya biashara Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma. Bando langu lilikuwepo, lakini salio la shilingi elfu kumi liliyeyuka kwa nusu saa. Nimepiga simu huduma kwa wateja wakaniambia nilitumia nje ya nchi. Mimi sikuvuka mto!

*Mfanyabiashara, Mtwara Vijijini*

JIBU: Wewe hukuvuka, laini yako ilivuka. Mnara wa Msumbiji ukisikika kwa nguvu kuliko wetu, maifai inahamia huko bila kukuuliza, na bando la ndani halifanyi kazi kwenye mtandao wa nje, hivyo ikala salio. Mimi mwenyewe yalinikuta huko huko, na mimi ndiye fundi. Nilikaa kimya nisichekwe.

Fanya mawili. Katika mipangilio ya maifai zima matumizi ya mtandao wa nje, kisha pale penye kuchagua mtandao ondoa ya kujichagulia, uchague mtandao wako mwenyewe. Salio usiliache kubwa, weka bando tu.

Na nikupe siri ya bure. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiona saa ya simu yako imerudi nyuma ghafla, saa nne imekuwa saa tatu, ujue simu tayari imehamia mnara wa ng'ambo. Maifai yako haina saa, lakini ipo mfukoni mle mle. Itazame nayo.

SWALI: Maifai yangu nimeichomeka kwenye chaji tangu mwaka jana, sasa betri imevimba mfuniko haufungi. Jirani ameniambia niitoboe kwa sindano hewa itoke. Ni kweli?

*Mama Lishe, Masasi*

JIBU: Dada yangu, weka sindano chini! Ile si hewa ya mpira. Ukiitoboa betri ya lithiamu inaweza kuwaka moto hapo hapo mkononi, na moto wake mbaya. Izime, ichomoe, itoe betri taratibu bila kuikunja, iweke nje kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na mkaa na watoto. Kisha mpelekee fundi. Usiitupe jalalani wala usiichome na takataka.

Yangu ilivimba hivyo hivyo kama andazi, miezi saba chini ya luninga bila kuchomolewa. Kinachoivimbisha ni joto na kukaa imejaa muda wote. Ukinunua betri mpya, chomeka ikifika asilimia 20, chomoa ikifika 80. Baadhi ya maifai zinafanya kazi kwa waya peke yake ukishatoa betri. Jaribu yako kwanza, huenda hata betri huihitaji hapo kibandani kwako. Na umwambie jirani asiguse ya kwake.