Usitupe Guess Who, badilisha sura tu

Msomaji mmoja wa Kisasa, hapa Dodoma, kaniandikia inboksi: "Dada, mwanangu kaletewa gemu la Guess Who na mjomba wake, hakuna hata mmoja anayefanana na sisi, nilitupe?" Usitupe mama, ngoja nikwambie ya kwangu hapa Nkuhungu.

Gemu lenyewe lipo tangu 1979, sura 24, kila mmoja anashika kadi ya sura moja kwa siri, unamuuliza mwenzako ana miwani, ana kofia, unalaza wasiohusika mpaka abaki mmoja. Lile la zamani wanaume 19 wanawake 5, sasa ukishika mwanamke, halafu mwenzako akauliza "ni mwanamke?" analaza 19 kwa mpigo, umekwisha. Mwaka 2012 katoto ka miaka 6 huko Ayalandi kaliwaandikia Hasbro, kampuni yenye gemu hilo, kulalamikia hilohilo, sie watu wazima tuko bize kushangaa nywele za njano.

Letu la mtumba mweusi alikuwa mmoja tu. Wanangu wakimpata yeye wananuna kabisa, maana swali la rangi likija hana pa kujificha!

Nikapiga picha majirani (omba ruhusa jamani), nikaprinti steshenari, nikabandika juu ya wale Wazungu. Muuza ubuyu, fundi baiskeli mwenye mwanya, ustadhi na kibaraghashia chake, bibi wa Kigogo mwenye matundu makubwa ya masikio. Wifi yangu akasema mbele za watu nimeleta ushamba, nimeharibu kitu cha hela. Nilinyamaza ila iliniuma, na bado.

Kucheza sasa. "Ana macho ya bluu?" Hakuna anayelala. "Nywele nyeusi?" Wamesimama wote, kasoro bibi na mvi zake. Mdogo akafikiri weee, akauliza: "Mpira ukiingia kwake anarudisha?" Nusu ya mtaa ikalala! Kaka yake akajibu na "anadaiwa dukani?", hilo nimelipiga marufuku maana na mimi nimo humo. Kabila nalo likashindikana lenyewe, Mrangi na Mgogo kwenye picha hata baba yao alichemka.

Kwa hiyo mzazi badilisha sura, na wanawake wawe 12 wanaume 12, narudia, 12 kwa 12, usiniletee mambo ya wanaume 19. Mtoto ajione mezani kwake, tusisubiri kiwanda kitukumbuke, tuamke wazazi!

Wifi naye siku hizi anataka awekwe. Nimemwambia alete pasipoti saizi, na gundi aje nayo.