Kwa mnaoripoti Lanet: mjue mwenzako wa chumba

Vijana mnaokwenda kuanza ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa, katika chuo cha kijeshi pale Lanet, Nakuru, mtapewa orodha ya vitu vya kubeba, na mkiifuata hamtapungukiwa. Langu la kuongezea haliingii kwenye sanduku. Mtu utakayepangiwa naye chumba, mjue. Jua kwao ni wapi, mamake anaitwa nani, anamdai nani na nani anamdai. Utaona kama ni umbea. Mimi nimemzika mwenzangu wa chumba, na mambo hayo ndiyo niliyoulizwa.

Yeye alikuwa Mbukusu wa Bungoma, mimi mtoto wa Nakuru mjini. Hatukuchaguana. Karani alisoma majina, tukajikuta mlango mmoja. Wapo watakaokushauri utafute urafiki na watoto wa wakubwa mapema. Waache. Mtoto wa mkubwa hatakuwepo alfajiri ukitafuta soksi ya pili gizani.

Kwanza, hali ya pale. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi baridi ya upande wa Menengai haina huruma na mtu aliyetoka Kisumu au Mombasa. Jua likipanda, adui ni vumbi. Udongo wetu ni wa volkeno, mwepesi kama unga, na buti ulizosugua usiku zinageuka kijivu kabla hujafika uwanja wa gwaride. Mwenzangu alitembea na kitambaa kikavu mfukoni, akapangusa mara ya mwisho tukiwa tayari mstarini, sajini akiwa bado mbali. Tena alijua kupaka kiwi: kidogo sana, tone la maji, zungusha kwa pamba, acha ikauke, rudia. Wenye haraka hupaka nyingi kwa mpigo, na siku ya kwata inapasuka vipandevipande kwenye ncha ya buti.

Tuligawana kazi. Yeye buti za wote wawili, mimi pasi ya sare za wote wawili. Chumba kikikaguliwa na kitanda kimoja kikakutwa vibaya, adhabu haikuuliza ni cha nani, kwa hiyo kujivunia kitanda chako peke yako hakukuwa na faida. Mkianza na kiburi cha "mimi nimemaliza yangu", mtapiga pushapu mpaka kiishe.

Na miguu. Kaguaneni miguu kila jioni, msione haya. Kucha zikatwe moja kwa moja, si kwa kuzungusha pembe. Panapoanza kuchoma njiani, funika mapema kabla pajavimba. Lengelenge dogo ulilolidharau Jumatatu ndilo litakalokulaza Alhamisi wenzako wakiwa na mizigo mgongoni. Soksi kavu ni bora kuliko dawa yoyote mtakayouziwa mjini.

Masomo ya ramani na dira alikuwa ananishinda mbali. Alinichorea miraba kwa chaki sakafuni, tukafuta kabla ya ukaguzi.

Sasa kijitabu. Tangu tulipoanza kupata posho, alikuwa na kijitabu chenye jalada jeusi. Akikukopesha anaandika, ukilipa anakupa kalamu utie sahihi. Akikopa yeye, vivyo hivyo. Wenzetu walimcheka, wakamwita benki. Hata alipokuwa luteni, mshahara unaingia na ndugu wanapiga simu za karo, aliwasaidia na akaandika. Hakuandika ili awadai. Alitaka kujua pesa zake zimekwenda wapi, na afisa kijana asiyejua hilo huishia kwenye mikopo inayokata mshahara kabla haujafika.

Jeshi letu la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, sote tulijua zamu yetu ingefika. Yake ilifika, akaenda, akarudi mzima. Watu wakisikia mwanajeshi amefariki hudhani moja kwa moja ni huko. Yeye alifia barabarani, kwenye mteremko ule wa Salgaa, akienda nyumbani likizoni.

Kwao, siku ya tatu baada ya mazishi, jamaa na majirani hukaa uani kuzungumzia madeni ya marehemu: anayemdai aseme, anayedaiwa naye aseme. Mzee wa ukoo aliuliza kama kuna anayejua mambo yake ya pesa. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwendea nikamnong'oneza: shemeji, tafuta kijitabu cheusi, huwa kwenye begi la kiwi na brashi. Kililetwa. Mtu mmoja alikuwa amesimama kudai pesa nyingi za ng'ombe. Ukurasa wake ulipatikana, na sahihi yake mwenyewe chini ya neno "nimelipwa". Alikaa. Waliokuwa na deni lake walianza kusimama wenyewe, bila kuitwa, maana kijitabu kilikuwa mikononi mwa mzee na hakuna aliyejua kina majina mangapi.

Baadaye mamake aliniita kando. Hakuuliza habari za vita, wala nisingemwambia. Mambo ya kazi hubaki kazini, hilo mtafundishwa. Aliuliza kama mwanawe alikuwa anakula vizuri kule chuoni, na kama alikuwa bado anaongea usingizini. Nilimjibu yote, pamoja na usiku alioamrisha gwaride zima akiwa amelala. Alicheka, kisha akaniuliza tena nimsimulie. Mkuu wa kikosi alikuwa amesoma wasifu mzuri kaburini, vyeo na tarehe, lakini hilo asingeweza kulijua.

Kuna fomu ya warithi. Vijana wengi huijaza kwa haraka kwa sababu wanaona ni uchuro, wanaandika jina la mama na kuisahau. Ukioa, irudie. Ukipata mtoto, irudie. Yeye aliibadilisha mara tu alipooa na akanipigia kuniambia, na ndiyo maana mkewe hakuzungushwa ofisi kwa ofisi. Ukibadilisha yako, mwambie mwenzako wa chumba. Si lazima umtajie kiasi; mwambie jina uliloandika na karatasi umeziweka wapi.