Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa kulindana ni kinga au ni uchokozi?

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Hapa Wete tuna baraza yetu ya kahawa, na tangu Sweden ijiunge na NATO (muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini) mwezi wa Machi 2024 ubishi haujatulia. Ami yangu, ambaye redio haimtoki sikioni, anashikilia kuwa mataifa yakifungamana kijeshi ndipo vita huja, kwa sababu jirani asiyekuwemo hujiona amezingirwa. Mimi naona anayepigwa ni yule asiye na wa kumtetea. Nani kati yetu yuko sawa? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykumu salaam. Ami yako usimbishie kwa haraka, kwani historia inampa nguvu. NATO iliundwa na nchi 12 tarehe 4 Aprili 1949 kwa hofu ya Umoja wa Kisovieti, dola iliyoongozwa na Urusi. Ujerumani Magharibi ilipoingizwa humo mwanzoni mwa Mei 1955, hazikupita hata wiki mbili Moscow nayo ikawakusanya washirika wake katika Mkataba wa Warsaw. Hofu ya upande mmoja ilizaa silaha za upande wa pili, na kila mmoja akadai kuwa yeye anajilinda tu.

Lakini kadhia hii haiishii hapo. Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO kinasema kuwa shambulio dhidi ya mwanachama mmoja huhesabiwa kuwa ni dhidi ya wote, ingawa (na hili barazani husahauliwa) kila nchi hujiamulia yenyewe hatua inayoona inafaa. Estonia, Latvia na Lithuania, ambazo zamani zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, zilijiunga mwaka 2004 na hazijavamiwa. Georgia na Ukraine ziliahidiwa na NATO, kwenye mkutano wake wa Bucharest, Aprili 2008, kwamba siku moja zitakuwa wanachama, bila ya kutajiwa siku yenyewe. Agosti ya mwaka huohuo Georgia ikapigana na Urusi. Ukraine ikanyang'anywa na Urusi rasi ya Crimea mwaka 2014, na tarehe 24 Februari 2022 ikavamiwa kwa ukubwa. Kwa maoni yangu, hatari kubwa humpata aliyeachwa kizingitini: ameshamkasirisha jirani, na mwenye nyumba hajamfungulia. Hasira ya jirani inaeleza kilichotokea, wala haimpi haki ya kuvamia. Finland, iliyokaa miongo mingi bila ya kujifunga na upande wowote, ilitazama hayo kisha ikaingia NATO Aprili 2023, pamoja na mpaka wake na Urusi wa zaidi ya kilomita 1,300.

Hata hivyo swali ninaloliona zito zaidi ni kwamba unalindwa na nani, na je, anayekulinda ana mipaka? Mwaka 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia Chekoslovakia, ambayo ilikuwa mwanachama wao. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuwa Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, mwana wa kifalme, alipokalia kiti cha usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari za mlinzi huyohuyo zililipiga makombora jumba la Sultani, na jambo likaisha kabla ya saa moja kutimia.

Miaka 18 baadaye ikaja sura ya pili ya ulinzi ule. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga mbele ya mji, injini zake zikitengenezwa, haina pa kukimbilia. Waliuawa mabaharia 38. Mzanzibari wa kawaida hakuwa na ugomvi na Mjerumani. Mizinga ililia mbele ya nyumba yake kwa sababu ya mgeni aliyekuwa akimlinda. Hapo ami yako ana hoja, ingawa tofauti ni kubwa: Finland iliomba yenyewe na bunge lake likapiga kura, ilhali sisi tuliandikiwa mkataba na mataifa mawili ya kigeni huko Berlin.

Ami akivuka kuja Unguja, mchukulieni mashua mumpeleke Chapwani. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo kisiwani hapo, na mji aliokuja kuulinda kila mmoja wao unaonekana ng'ambo ya maji.