Jibu: Shawa nyeusi au ya dhahabu? Mkuu, achana na rangi, fungua uangalie ndani

Mkuu, usilipe. Kama boksi bado liko dukani liache huko huko mpaka umalize kusoma hapa.

Umesema nyumba iko Kigamboni, maji ya kisima, shemeji anataka nyeusi ya mati (isiyong'aa), wewe unataka dhahabu, miksa (ile koki inayochanganya maji moto na baridi) ya kuzikwa ukutani na kichwa cha mvua cha inchi 10, na unauliza ipi itadumu. Nimesoma mpaka mgongo ukaniuma, maana 2019 nilikuwa wewe. Kigamboni hiyo hiyo, na maji yale ambayo ukisahau kutia chumvi kwenye wali hakuna anayegundua.

Nilikwenda Kariakoo na mtu niliyemwamini, fundi bomba wangu mwenyewe. Muuzaji akatoa seti ya dhahabu inang'aa kama meno ya mganga. Nikauliza, hii ni brasi (shaba ya njano)? Akachomoa sumaku kwenye funguo zake, akaibandika kwenye miksa, ikaanguka. "Umeona bosi? Haishiki. Brasi tupu hii." Akaniwekea mkononi nisikie uzito. Fundi naye akaitikia kwa kichwa kama profesa. Nikalipa 420,000 bila hata kuomba punguzo, nikaona nimejanjaruka.

Sasa sikia, hapa ndipo nilipoliwa. Sumaku haishiki brasi, ni kweli. Lakini haishiki zinki pia! Na zinki nayo ina uzito wa kutosha kumdanganya mtu ambaye hajawahi kushika vyote viwili kwa pamoja. Ile sumaku inakuonyesha chuma cha kawaida tu, basi. Muuzaji alijua. Fundi sijui kama alijua, ila baadaye nilisikia ana "chake" kwa kila mteja anayempeleka pale, kwa hiyo na yeye simsamehe.

Mwezi wa nne vikaanza vidoadoa vyeupe. Nikasema chumvi tu, nikafuta. Kufika mwaka, dhahabu ikaanza kutoa malengelenge kwenye mpini kama ngozi iliyoungua, ukiyagusa yanabanduka. Dada wa kazi akajaribu kuokoa jahazi kwa dawa ya choo, ile yenye tindikali, na jioni ile bafu langu la kifalme lilikuwa na mabaka ya kijivu. Wote tukamlaumu yeye. Leo namwomba radhi hapa hadharani, ugonjwa ulikuwepo kabla yake (ingawa dada, dawa ya choo ni ya choo).

Hayo yote ningevumilia. Bafuni naingia peke yangu, nani ataona? Tatizo ni kwamba miksa ilikuwa ndani ya ukuta. Mwaka wa tatu ukuta wa chumbani, upande wa pili wa bafu, ukaanza kuvimba rangi. Nikapaka upya. Ukavimba tena. Kabati la nguo likaota ukungu mgongoni, suti yangu ya harusi ikanuka kama gunia la dagaa. Ndipo nikaita fundi mwingine, akavunja marumaru. Mwili wa miksa ulikuwa umepasuka ubavuni, na pale kwenye ufa umejaa unga mweupe kama chaki. Nikaugusa kwa ncha ya bisibisi ukamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Hiyo ndiyo "brasi tupu".

Hesabu sasa: marumaru za toleo lile hazipo tena sokoni, kwa hiyo ukuta mzima ukabadilishwa. Fundi, plasta, rangi ya chumba, kabati, miksa mpya. Nilifika 1,850,000 nikaacha kujumlisha kwa ajili ya afya yangu. Na wale wa "si ungeuliza kwanza", nilimuuliza fundi, ndiyo maana niko hapa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: kabla ya rangi, angalia ndani. Geuza miksa uchungulie thredi, pale bomba linapoingilia, au ng'oa mpini uangalie mgongo wake. Pale rangi mara nyingi haifiki. Ukiona njano ya brasi, endelea kuongea bei. Ukiona kijivu, rudisha kaunta. Kama na ndani wamepaka, kwaruza kidogo kwa msumari mahali pasipoonekana. Fanya hivyo kwa kila kipande, maana nimeshaona miksa ya brasi imefungwa boksi moja na mpini wa zinki na skrubu za chuma.

Stenlesi (chuma cha pua) nayo msiniletee ubishi. Ziko aina, zinatajwa kwa namba. 201 kwa maji yetu inapata kutu, 304 ni afadhali, 316 ndiyo inayohimili chumvi vizuri zaidi, na bei yake utaijua mwenyewe. Sumaku haikutofautishii 201 na 304, kwa hiyo funguo za muuzaji zibaki mfukoni mwake.

Rangi? Nyeusi kwa maji ya Kigamboni itakuonyesha kila tone likikauka, shemeji atakuwa anafuta na kitambaa asubuhi na jioni. Mimi sasa nina kromu ya kawaida juu ya brasi, imefungwa nje ya ukuta ambapo naiona na naifungua kwa spana. Haina mvuto wowote. Wageni hawaisifii.

Nenda na msumari mfukoni. Na muuzaji akikwambia kufungua boksi "kunaharibu warantii", muulize hiyo warantii imeandikwa wapi. Mimi yangu ilikuwa kalamu ya bluu nyuma ya risiti, na namba ya simu haipatikani.