Karafuu za Pemba: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Kwa nini karafuu nyingi hutoka Pemba kuliko Unguja? Na tukienda msimu wa mavuno, tutazame nini?

JIBU: Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika. Ardhi nayo inasaidia: magharibi mwa Pemba ni vilima vyenye udongo wa kina na mvua ya kutosha, ilhali mashariki, upande wa Micheweni, jiwe liko karibu na uso wa ardhi, hivyo mkarafuu hausitawi.

Nendeni baina ya Julai na Disemba. Karafuu huchumwa ikianza kuwa nyekundu, kabla haijafunguka. Ikifunguka, thamani hushuka. Hutenganishwa na makonyo (vikonyo vinavyoshika karafuu) siku hiyohiyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku nne hadi sita. Kilo tatu mbichi hutoa takriban moja kavu. Ikirundikwa mbichi usiku kucha huchacha, husinyaa na kupauka, na hapo ndipo wengi huharibu mali. Makonyo msiyadharau, hukamuliwa mafuta.

Msiondoke bila kuuona msitu wa Ngezi, wenye mipapindi (aina ya mitende ya Pemba) na popo wakubwa wa Pemba. Magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, yako Pujini, karibu na Chake Chake.