Maswali ya Wasomaji: Sarafu Ile Ile, Madaraja Mawili

Barua za mwezi huu karibu zote zimezunguka jambo moja: sarafu iliyopimwa na kampuni na kufungiwa ndani ya kasha la plastiki, daraja lililoandikwa juu yake liaminiwe kiasi gani? Kwa asiyefahamu, kampuni mbili kubwa ni PCGS (1986) na NGC (1987), zote za Marekani. Hutumia kipimo cha 1 hadi 70 ambacho chanzo chake ni William Sheldon, aliyekitunga mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za huko kwao. MS60 hadi MS70 ni sarafu ambayo haijatumika sokoni. AU50 hadi AU58 imeguswa kidogo tu. Chini ya hapo uchakavu unazidi kadiri namba inavyoshuka.

Wahariri, salamu. Nina shilingi mbili za Afrika Mashariki za 1924, zote MS63, za kampuni moja. Moja inawaka, nyingine imefifia kama sufuria ya zamani. Mwenzangu naye alivunja kasha la MS62 akaituma sarafu upya, ikarudi AU58. Hawa watu wanapima au wanabahatisha? – Msomaji, Jinja

Wanapima, ila kwa macho. Sarafu hupita kwa wapimaji zaidi ya mmoja, hawaambiwi mwenye mali ni nani, na kila mmoja huitazama kwa muda mfupi. Wanachojumlisha ni vitu vinne: makovu, ubora wa mpigo wa muhuri, mng'ao, na mvuto wa jumla. Namba ni moja lakini njia za kuifikia ni nyingi. Shilingi yako inayowaka huenda ina kovu shavuni mwa mfalme, mahali ambapo jicho hutua kwanza, likaishusha hadi 63. Ile iliyofifia huenda ni safi, ikaadhibiwa kwa kukosa mng'ao. Kovu la ukubwa uleule likiangukia upande wa pili, kwenye manyoya ya simba au milima iliyo nyuma yake, halionekani sana, na adhabu yake ni ndogo. Kwa hiyo MS63 mbili zisizofanana si ushahidi wa kosa.

Suala la mwenzako ni zito zaidi, kwa sababu limevuka mpaka wa AU na MS, na hapo ndipo wapimaji hutofautiana mno. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu, uzito gramu 7.78. Kwenye fedha duni namna hii, sehemu za juu zikisuguliwa huanza kubadilika rangi kabla hata mchoro haujalika. Je, huo ni msuguano wa sokoni, au wa sarafu kugongana ndani ya gunia? Mpimaji wa asubuhi anaweza kusema gunia, wa mchana akasema soko. Kuna na mazoea ya biashara: AU58 nzuri huwa inapendeza kuliko MS60 iliyojaa makovu, basi kampuni wakati mwingine huipandisha hadi 61 au 62 ili namba ilingane na bei. Akija mpimaji anayefuata uchakavu peke yake, inarudi ilikotoka.

Jaribu hivi. Iweke chini ya taa moja, uizungushe taratibu. Kwenye sarafu isiyotumika, mkanda wa mwanga hupita juu ya kichwa cha simba na taji la mfalme bila kukatika. Ukikatika hapo na kuacha doa la kijivu lisilo uhai, imetembea. Usichanganye na mpigo hafifu: mahali ambapo muhuri haukubana vizuri mchoro haukamiliki, lakini mng'ao upo.

Tuongeze kwamba viwango vyenyewe vimehama kwa miaka. Wakusanyaji wengi wanaamini makasha ya mwanzo ya PCGS na NGC yalipimwa kwa ukali zaidi, na wapo wanaolipa ziada kwa kasha la zamani peke yake. Ni kwa shaka hiyohiyo kampuni ya CAC ilianzishwa mwaka 2007: inatazama sarafu ambayo tayari iko ndani ya kasha na kubandika kibandiko cha kijani ikiona daraja limestahili, au cha dhahabu ikiona lingepaswa kuwa juu zaidi. Lakini vibandiko hivyo ni vya sarafu za Marekani. Shilingi ya simba haiwezi kupata.

Nitajuaje kama kampuni inayumba au ni macho yangu? – Msomaji, Mbale

Anza na macho yako. Chukua sarafu zisizopungua 10 za aina moja zilizo kwenye makasha, tuseme shilingi za simba tupu, kisha umwombe mtu azibe lebo zote kwa karatasi na kuandika herufi juu yake. Zima taa za dari, hasa za tyubu, maana mwanga wake uliotawanyika huficha mikwaruzo myembamba. Bakiza taa moja ya mezani yenye balbu ya mwanga wa njano, sawa na wati 60 hadi 75 za zamani, ikiwa juu ya sarafu kwa sentimita 30 hivi. Tazama kwanza bila lenzi, ndipo utumie lenzi ya mara 5. Ya mara 10 itakuonyesha dosari ambazo hata mpimaji hazihesabu, na utaishia kuidharau kila sarafu.

Andika daraja la kila moja. Baada ya wiki mbili badilisha mpangilio, rudia, na usichungulie karatasi ya kwanza. Linganisha majibu yako ya mara ya kwanza na ya pili kabla ya kufunua lebo. Kama mwenyewe umetofautiana na nafsi yako kwa pointi mbili kwenye nusu ya sarafu, bado huna kipimo cha kumpimia mwingine. Ukitofautiana kwa pointi moja hapa na pale, fungua lebo. Tofauti ya pointi moja kati yako na kampuni kwenye MS62 hadi MS65 ni ya kawaida. Usiandike barua ya malalamiko. Tofauti ya pointi mbili au zaidi inayoelekea upande uleule kwa sarafu nyingi, au kuvuka mpaka wa AU na MS, hiyo inafaa kuchunguzwa.

Kosa la kawaida kwenye jaribio hili ni kutumia picha za simu. Picha huongeza mng'ao au kuuua kulingana na pembe ya taa, na mikwaruzo huweza kuwa ya plastiki ya kasha wala si ya sarafu. Inamisha kasha: mkwaruzo wa plastiki huachana na sarafu ukiutazama kwa ubavu.

Nilinunua senti 10 ya 1936 ya Edward VIII, MS65 yenye herufi RD. Mwaka umepita, sasa ni ya kahawia nusu. Nimetapeliwa? – Msomaji, Entebbe

Hapana. RD maana yake wekundu wa awali umebaki karibu wote, takriban asilimia 95 au zaidi. RB ni mchanganyiko. BN ni kahawia. Herufi hizo zinaeleza rangi ya siku ya kupimwa. Kasha haliwezi kuzuia hewa yote, na shaba kando ya ziwa haina urafiki na unyevu. Dhamana za kampuni kwa kawaida hazifidii mabadiliko ya rangi ya shaba, kwa hiyo usitegemee kulipwa. Hifadhi kasha ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na pakiti za silika, ukizikausha au kuzibadilisha zinapolowa, mbali na bati linalopata joto mchana na kupoa usiku.

Sarafu yenyewe si adimu. Mfalme Edward VIII wa Uingereza hakuvikwa taji, na sarafu za matumizi zenye jina lake ni chache duniani, lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki, kwa kuwa zina tundu na hazina picha ya mfalme, zilitolewa kwa wingi. Unayelipa zaidi hapo unalipia wekundu. Ndiyo sababu hatushauri kulipa bei ya RD kwa shaba ukiwa unaishi Entebbe.

Sarafu zangu 3 zimerudi bila namba, zimeandikwa "Details" na kwamba zilisafishwa. Muuzaji aliapa hazijaguswa. – Msomaji, Arua

"Details" maana yake sarafu ni halisi lakini ina kasoro inayoinyima namba. Tafuta mistari myembamba iliyo sambamba, inayokimbia upande mmoja na kupita juu ya uwanja (sehemu tupu ya sarafu) na herufi bila kujali mchoro. Hiyo ni kazi ya kitambaa, majivu au dawa ya meno. Ndimu huacha alama nyingine: uso mkavu wenye rangi moja, bila mkanda wa mwanga. Mng'ao hutokana na mikunjo midogo mno ya chuma iliyotengenezwa na mpigo wa muhuri, na ikishalika hairudi. Kwenye lebo za PCGS, 92 ni kusafishwa, 91 ni rangi ya kutiliwa shaka, 95 ni mkwaruzo. Shilingi nyingi zilizovaliwa kama pambo nazo huishia humo, kwa tundu lililotobolewa au alama ya risasi ya kulehemu ukingoni.

Tukiri kwamba usafishaji mwepesi wa zamani ndio mpaka wa pili unaoyumba: sarafu iliyokataliwa leo inaweza kupita mwakani. Kujaribu tena kunafaa pale tu tofauti ya bei ni kubwa.

Kitu kimoja kinachoondolewa bila madhara ni utando wa kijani unaonata wa plastiki laini ya PVC. Loweka sarafu kwa dakika 5 hadi 10 ndani ya bakuli la kioo lenye asetoni safi, si dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kisha uihamishie kwenye bakuli la pili la asetoni safi. Usisugue. Fungua madirisha, pasiwe na jiko wala sigara karibu.

Nitatambuaje kasha bandia? – Msomaji, Kampala

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, kisha usiishie hapo, kwa kuwa matapeli hunakili namba za kweli. Kama picha ipo, linganisha makovu: kovu lililo kwenye picha lazima liwe mahali pake kwenye sarafu. Angalia kingo, kasha lililofunguliwa na kubandikwa huacha weupe, nyufa au gundi. Makasha mapya ya PCGS yana kijisahani cha NFC kinachosomwa na simu, ya zamani hayana, hivyo kukosekana kwake si kosa. Muuzaji anayekukataza kupiga picha, muage.

Je, kuna faida kupeleka sarafu za Uganda zenyewe? – Msomaji, Mbarara

Kwa nyingi, hakuna. Fanya hesabu kabla. Tuseme shilingi yako ingeuzwa sh. 300,000 ikiwa 64 na sh. 700,000 ikiwa 65, na gharama zote za usafirishaji, bima, ada, ushuru na kurudishwa ni sh. 250,000. Tofauti ni 400,000, hivyo lazima uwe na uhakika wa kupata 65 kwa zaidi ya asilimia 62.5 ndipo usipoteze. Je, jaribio la taa lilikupa uhakika huo?

Za 1987 za shilingi 1 na 2 ni chuma kilichopakwa shaba, na kutu huanzia chini ya utando. Usilipie kupima hata zikiwaka. Mfululizo wa 1966 ni wa bei rahisi katika madaraja ya kati. Ukisikia "ya juu kuliko zote zilizopimwa", uliza zimepimwa ngapi: zikiwa 4, sifa hiyo ni ya kukosekana kwa washindani. Na orodha za kampuni huhesabu sarafu moja mara mbili au tatu pale wenye mali wanapovunja makasha na kutuma upya bila kurudisha lebo.

Shilingi 5 ya 1972 yenye pembe saba ndiyo inayostahili safari. Iliondolewa sokoni na nyingi ziliyeyushwa, hivyo hata iliyochakaa inatafutwa. Hapo unalipia uthibitisho kwamba ni halisi. Namba ya daraja itakuwa nyongeza tu. Ipige picha pande zote mbili na ukingo, ipime uzito, andika, kisha uifunge kwa kadi isiyo na PVC kabla ya kuitoa nyumbani.